Jina Kwenye Chupa ya Chanjo

Kijiji cha Hozaki, Okayama
14 Mei 1956

Kwako Daktari Tsukuda Reiji,

Salamu nyingi. Huku maji yameanza kuingia mashambani na vyura wanapiga kelele mchana kutwa. Natumaini huko Osaka u mzima.

Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Kinu, mke wa Isomura Tamezo. Miaka minane iliyopita, mwezi wa Agosti, binti yangu Tazuko alifia mikononi mwako katika hospitali ya mkoa kwa homa ya ubongo. Alikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa daktari kijana, miwani yako imefungwa uzi upande mmoja. Tulisimama kwenye korido. Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta mkokoteni wa kumrudisha mtoto nyumbani, nawe ukaniomba ruhusa ya kufungua kichwa chake na kuchukua kipande cha ubongo kikachunguzwe Osaka. Ulisema hakuna anayeujua vizuri ugonjwa huu, na wodini mlikuwa na watoto wengine kumi na mmoja. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nilimwona mama mmoja anampepea mwanawe kwa kifuniko cha sufuria, hata upepo hakuna. Nikaweka alama ya kidole.

Sikumwambia mume wangu. Mama mkwe ndiyo kabisa. Mlimfunga Tazuko kitambaa cheupe kichwani, nikasema ndivyo wanavyofanya hospitali.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu ya kufagia zahanati. Muuguzi wetu, Hirokane, alikuwa amepokea chanjo ya homa ya ubongo kwa ajili ya watoto wa kijiji. Alinionyesha chupa moja. Imeandikwa Maabara ya Shirasagi, Osaka, na chini yake kwa herufi ndogo: kirusi aina ya Isomura. Nikamuuliza maana yake. Akasema watu wa maabara hukipa kirusi jina la mgonjwa waliyekitoa kwake. Akashangaa kuniona nimekaa chini, sakafu yenyewe bado ina maji.

Daktari, huyo Isomura ni mtoto wangu? Uliniambia utaniletea habari, nikangoja, hukuandika, nami nikajiambia basi, kilitupwa. Nataka kujua kama kilisaidia chochote. Na kama ni ugonjwa uleule uliomuua, mnawezaje kuutia mkononi mwa mtoto mzima? Nina binti mwingine sasa, Mitsue, ana miaka mitano. Kuna neno jingine ambalo nimelibeba muda mrefu. Mama mkwe husema Tazuko alikufa kwa sababu nilimwacha akamate vyura mchana wa jua kali bila kofia. Ni kweli nilimwacha.

Tafadhali ukijibu, tuma kwa jina la muuguzi Hirokane, zahanati ya Hozaki. Nyumbani barua hupokewa na mume wangu.

Wako,
Isomura Kinu


Maabara ya Shirasagi, Osaka
22 Mei 1956

Mama Isomura,

Nakukumbuka. Nakumbuka hata viatu vyako vya majani, kwa sababu nilipokuomba ile ruhusa sikuweza kukutazama usoni, nikatazama viatu.

Nilipaswa kuandika miaka minane iliyopita. Sina udhuru wa kukupa. Mwaka ule niliitwa Osaka, kazi ikanimeza, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo nilivyoona aibu zaidi kuanza.

Unauliza kama ni yeye. Ndiyo, ni yeye. Kipande kile kilifika, tukakipata kirusi, na tangu hapo tumekitunza. Kilisaidia, mama. Kimesaidia sana.

Kuhusu jua, hilo liweke chini leo hii usilibebe tena. Kirusi hiki makao yake ni nguruwe na wale yangeyange weupe wanaosimama mashambani kwenu. Mbu wa majaruba ya mpunga hunyonya damu ya nguruwe, baada ya siku kadhaa humuuma mtoto, na ndipo kinapoingia. Kofia isingemzuia mbu. Wazee waliona ugonjwa unakuja wakati wa joto wakalilaumu joto. Kumbe wakati wa joto ndio wakati wa mbu.

Kuhusu chanjo: tunakikuza kirusi kwenye bongo za panya weupe, kisha tunakiua kwa dawa ya formalini na kukisafisha. Kinachofika mkononi mwa mtoto kimekufa. Lakini mwili unakiona na kuishika sura yake, na siku kilicho hai kikija, unakuwa umeshamjua adui. Mtoto huchomwa mara mbili, wiki mbili katikati. Sindano moja haitoshi. Siwezi kuapa kwamba itamkinga kila mmoja. Naweza kusema kwamba mimi mwenyewe ningekuwa na mtoto Hozaki, ningemleta kabla mpunga haujafika magotini.

Mpeleke Mitsue.

Tsukuda Reiji


Hozaki
12 Juni 1956

Daktari Tsukuda,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Niandikapo mikono yangu ina matope; tunapandikiza mpunga, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Kwanza nikuambie hali ilivyokuwa. Uvumi ulienea kwamba chanjo ni bongo la panya. Nilidhani nitaukanusha, nikafungua barua yako, nikakuta ni kweli. Bibi Okabe anayeuza tofu ya maharage ya soya alikuwa akipita nyumba kwa nyumba anasema watoto wetu wataota masharubu na kuitafuna mikeka kabla haijafika sokoni. Watu wanacheka, lakini wakishacheka hawaandikishi watoto. Kufikia mwisho wa Mei Hirokane alikuwa na majina tisa, na kijiji kina watoto sitini na wanne.

Tarehe tano kulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa hekalu. Hirokane alieleza vizuri, maskini, mpaka sauti ikamkauka. Bibi Okabe akauliza, hao panya walipewa ugonjwa wa nani? Mtu gani alikubali kutoa kitu kama hicho, au waliiba maiti? Mama mkwe alikuwa ameketi mbele yangu, mume wangu nyuma pamoja na wanaume. Sikuwa nimepanga, Daktari. Nilisimama tu.

Nikasema: "Mtoto aliye kwenye hiyo chupa ni wangu. Nilimtoa mimi, kwa kidole changu hiki. Na Mitsue atachomwa wa kwanza."

Nikaeleza yote, korido, kitambaa, na yule mama aliyekuwa anapepea. Nikakaa. Ndipo mke wa mchonga mawe akauliza kama anaweza kuandikisha wake watatu.

Tarehe kumi walichomwa watoto hamsini na wanane. Mitsue alikuwa wa kwanza na alilia kupita wote, akaniharibia sherehe. Sindano ya pili ni tarehe ishirini na nne.

Siku ya tatu baada ya mkutano mama mkwe alikuja jikoni, akataka nimsomee pale panaposema kuhusu jua. Nikasoma. Akasema soma tena. Nikasoma tena, na hapo pa nguruwe. Akasema, "Wale nguruwe niliwanunua mimi," akatoka kwenda kuchuma vitunguu. Mwaka ule tulikuwa na nguruwe wawili nyuma ya nyumba, nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Mume wangu ndiye sijui. Hajanigombeza. Hajaniuliza. Ananiambia kesho mvua, au chai imepoa. Huamka, huenda shambani, hurudi, hushukuru kwa chakula. Tamezo ni mtu wa maneno machache, lakini haya ni machache mno. Nadhani hatanisamehe, na nadhani ana haki.

Lakini nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila asubuhi naweka wali mbele ya kibao cha kumbukumbu chenye jina la Tazuko. Miaka minane nimeweka nikiwa nimeinamisha uso, kama mdeni. Sasa namtazama. Namwambia, mwanangu umefanya kazi kubwa, watoto hamsini na wanane kwa siku moja. Hilo umenipa wewe, Daktari, na nakushukuru.

Kinu


Osaka
15 Juni 1956

Mama Isomura,

Naomba usome barua hii ukiwa umeketi, na naomba uisome yote.

Nilikudanganya. Isomura aliye kwenye chupa si Tazuko.

Kipande ulichoniruhusu nikichukue nilikipakia mwenyewe kwenye barafu na kukipandisha treni ya Osaka jioni ile. Mvua kubwa ilikuwa imebomoa daraja njiani. Treni ilisimama kwa muda wa saa kumi na tisa, katika joto la Agosti. Kilipofika barafu ilikuwa maji ya moto na ubongo umeoza. Tulijaribu hivyo hivyo. Tuliwadunga panya thelathini. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Tulijaribu mara ya pili. Kisha tukakizika kilichobaki kwenye uwanja wa nyuma, pale tunapofanyia kila mwaka ibada ya kuwaombea panya waliokufa maabarani. Hiyo ndiyo sababu ya kweli sikukuandikia. Ningekuambia nini? Kwamba nilimfungua mtoto wako bure?

Isomura wa kwenye chupa ni mgonjwa mwingine, mwanamume wa Tottori, aliyekufa mwaka uliofuata. Ni jina tu lililofanana.

Barua yako ya Mei ilipofika nilikuwa na jibu la kweli na jibu la huruma. Nilijiambia nachagua huruma. Ningependa kuishia hapo, lakini si haki. Nilijua pia kwamba vijiji vya huko vinakataa chanjo, na kwamba mama anayeamini mtoto wake yuko kwenye chupa atampeleka mwanawe mwingine. Sikufikiri ungesimama mbele ya kijiji kizima. Niliposoma kwamba sasa unamtazama Tazuko usoni, nikaona siwezi kuendelea.

Chanjo ni ileile. Yote niliyosema kuhusu kukiua kirusi na kukisafisha ni kweli, na sindano ya pili inahitajika sana. Lakini umewaambia watu jambo kwa sababu yangu, na jambo hilo si kweli. Ukitaka nije Hozaki niwaambie kwa kinywa changu, nitakuja. Ukitaka usinijibu kamwe, nitaelewa.

Tsukuda


Hozaki
19 Juni 1956

Daktari Tsukuda,

Mimi ni mume wa Kinu, mkulima wa mpunga na nyasi za mikeka. Siandiki barua, kwa hiyo usitafute adabu humu.

Jumapili nilipita zahanati kuchukua dawa ya jipu, muuguzi akanipa barua yako. Alidhani kwa kuwa siri imeshatoka, hakuna haja ya kuificha. Juu ya bahasha ya ndani kulikuwa na jina la nyumba yangu, nikaifungua. Nimeisoma. Mke wangu hajaiona. Niko nayo ndani ya kofia siku ya tatu sasa.

Kabla sijafika kwenye barua yako, kuna jambo lazima nilitoe kwa mtu, na wewe ndiye uliyekuwapo.

Siku ile niliuvuta mkokoteni kutoka hospitali. Kinu alibaki nyuma kidogo. Darajani gurudumu liliruka jiwe na kitambaa kikateleza. Nikaona mshono. Ulizunguka kutoka sikio hadi sikio, umeshonwa vizuri, nitasema hilo, mtu alichukua muda wake. Nikasimamisha mkokoteni nikakifunga kitambaa upya kabla mama yake hajafika. Akaniuliza kuna nini, nikasema kamba imelegea.

Nilidhani mlimfungua bila kuomba. Nilidhani Kinu hajui, na akijua atakufa naye. Kwa hiyo nilinyamaza. Siku ya kumwosha maiti nilisema nitamwosha kichwa mimi, na yeye akasisitiza ataosha yeye, tukabishana mbele ya mtoto, kila mmoja anamzuia mwenzake asione alichokwisha kukiona. Hilo nimelielewa majuzi, kwenye mkutano, aliposimama. Mama yangu anadhani nina hasira. Kinu anadhani nina hasira. Sina hasira. Nimekaa na mtu huyu miaka minane, tumekula chungu kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake na kitu kimoja. Sijui pa kuanzia. Nafungua mdomo, linatoka neno la mvua.

Sasa barua yako. Nilipoisoma nilitaka kupanda treni nije nikupige. Bado nataka kidogo. Si kwa ubongo uliooza, mvua ni mvua. Ni kwa sababu nimemwona kila asubuhi mbele ya kibao anaongea na mtoto, anamsimulia majina ya waliochomwa mmoja mmoja. Uso ule sijauona tangu tulipooana.

Nikiichoma barua hii hakuna atakayejua. Tarehe ishirini na nne watoto watachomwa, mambo yataisha. Nikimpa, namjua, atakwenda kuwaambia watu, na Bibi Okabe atapata cha kuuza zaidi ya tofu. Wakirudi nyuma, ni watoto wao watakaokaa na sindano moja isiyotosha. Na yeye uso wake utakwenda wapi?

Wewe ndiye uliyefunga fundo hili. Niambie. Siku zimebaki tano.

Isomura Tamezo


TELEGRAMU
Osaka, 21 Juni 1956
Kwa Isomura Tamezo, Hozaki

MPE BARUA LEO. NI YAKE, SI YANGU WALA YAKO. MWELEZE NA LA DARAJANI. TSUKUDA


Hozaki
2 Julai 1956

Daktari Tsukuda,

Nimechelewa kukuandikia kwa kusudi. Barua niliyoiandika kwanza niliichana, na ya pili pia. Hii ni ya tatu, nitaituma ilivyo.

Mume wangu alinipa barua yako shambani, wakati wa mapumziko, tumekaa kwenye tuta tunakula wali wa kufungwa na achari ya plamu. Alisema, soma, mimi niko hapa. Tangu tuoane hajawahi kukaa karibu nami hivyo mbele ya watu. Nikasoma. Nilipomaliza nilitafuta maumivu, sikuyapata mara moja, kama unapojikata na mundu, damu huja baadaye. Ndipo akaanza kunieleza habari ya daraja. Akasema alikuwa anakumbuka hata rangi ya uzi. Nikamwambia nami nakumbuka. Ulikuwa mweusi. Tulikaa pale mpaka wenzetu wakaturushia utani kwamba mpunga hautajipanda wenyewe, na mume wangu akawajibu kwamba leo ujipande.

Kwa hiyo sijui nikuweke wapi, Daktari. Uongo wako umenirudishia mume. Hilo halikufanyi uwe mwema. Nilikuamini kwenye korido, nikakuamini tena Mei, na mara zote mbili ulikuwa unatazama viatu. Ungeniambia Mei kwamba kilioza, ningelia, ningempeleka Mitsue hata hivyo. Hukunipa nafasi ya kufanya hivyo. Uliona mwanamke wa shamba, ukaona atahitaji sukari ndipo ameze dawa.

Tarehe ishirini na tatu niliwaomba wanawake waje ukumbini. Mume wangu alikuja, akakaa upande wetu. Niliwasomea barua yako yote, hata hapo pa panya thelathini. Bibi Okabe ndiye aliyezungumza kwanza, na nilijiandaa. Akasema: "Kwa hiyo ulimtoa mwanao, na haikuwa na faida, na bado unatuambia tuwalete wetu?"

Nikamwambia ndiyo. Nikasema mimi sikuweka kidole kwa sababu nilijua kitafaa. Hakuna aliyejua. Niliweka kwa sababu ya yule mama mwenye kifuniko cha sufuria. Kirusi kimetoka kwa mtu mwingine, basi kimetoka kwa mtu mwingine, lakini mbu ni walewale na nguruwe ni walewale, na nimeshamwona mtoto akifa kwa jambo hili siku nne, nikawaeleza siku hizo nne moja moja. Sikuwa nimewahi kuzieleza kwa mtu.

Sitakuficha, walipungua. Kesho yake walikuja arobaini na tisa. Niliwafuata tisa waliobaki nyumba kwa nyumba, mama mkwe akanifuata na fimbo yake ingawa sikumwomba. Mahali nilipokosa maneno, yeye alisema tu kwamba alikuwa na nguruwe wawili. Wanne wakaja siku iliyofuata. Watano hawajaja, na mmoja wao ni mjukuu wa Bibi Okabe. Sijamaliza naye.

Nina maswali mawili, na safari hii nataka ukweli hata kama ni mchungu. Je, lile la jua ulinidanganya pia? Mama mkwe hathubutu kuuliza, lakini ameacha kula vizuri tangu tusome barua yako ya pili. Sasa hajui kama ashike hatia yake au anirudishie mimi.

La pili ni mume wangu aliyelianzisha. Juzi jioni tukila alisema, huyo mtu wa Tottori, nani anamwekea wali? Nikasema ana watu wake. Akasema, kama angekuwa na watu, daktari angesema ana watu. Alitaja tu mwanamume. Huenda zamani tulikuwa ukoo mmoja, na kama hatukuwa, watoto hamsini na watatu wa hapa wana kitu chake mwilini, na Mitsue ni mmoja wao. Katikati ya Agosti ni Bon, tutawapokea marehemu wetu. Tungependa kuweka bakuli lake kando ya la Tazuko. Lakini hatuwezi kumwita kwa jina la ukoo peke yake, nyumba hii ina Isomura wengi waliokufa, wataitika wote.

Alikuwa anaitwa nani? Na alikufa siku gani?

Isomura Kinu


Osaka
9 Julai 1956

Mama Isomura,

La jua ni kweli. Mbu ndiye mwenye kosa. Nimemtumia Hirokane taarifa za madaktari wengine wanne wasionijua wala kukujua, ili mama mkwe asitegemee neno langu. Mwambie pia kwamba nguruwe wawili si kitu. Mwaka ule kila nyumba ya bonde lenu ilikuwa na nguruwe, na yangeyange hawana mwenyewe. Hawezi kujua mbu yule alitoka kwa nani. Hakuna anayeweza.

Kuhusu kuniweka, niweke popote, hata nje.

Barua yako ilipofika nilikwenda kutoa faili la mtu wa Tottori. Nimelishika mara nyingi, kwa ajili ya namba: joto la mwili, siku ya kuanza kuweweseka, saa ya kifo. Safari hii nililisoma kwa ajili yake. Jina lake ni Isomura Yasokichi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mchoma mkaa milimani. Alikufa tarehe 19 Agosti 1949, saa nne asubuhi. Mahali pa kuandika jamaa pameandikwa: hana. Mume wako aliona kweli.

Hakuna aliyeweka alama ya kidole kwa ajili yake. Hakukuwa na wa kuombwa. Tulichukua tu. Nimekuwa nikiandika jina lake kwenye chupa kwa miaka miwili, maelfu ya chupa, na sikuwahi kujiuliza.

Kuna mstari mmoja wa muuguzi wa zamu, siku ya kwanza, alipokuwa bado anaweza kusema. Ameandika: mgonjwa anauliza nani atamlisha mbwa wake. Chini yake kuna kipimo cha joto. Hakuna palipoandikwa kwamba alijibiwa.

Nimewaandikia watu wa kijiji kile cha milimani kuwauliza habari za mbwa. Ni miaka saba, najua. Wakinijibu nitakuambia watakachosema, chochote kiwacho, bila kuongeza wala kupunguza.

Tsukuda Reiji